Dereva wa Zamani

Saa mbili na robo usiku, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Duka nimelifunga nusu mlango,
na mimi, Mwanamkuu binti Singano,
nakitazama kioo cheusi
na kioo cheusi kinanitazama.

Kistari kimoja cheupe, juu kushoto.
Kinawaka, kinazima. Kinawaka, kinazima.
Kama mtu mwenye neno la kusema
na kila akifungua kinywa analisahau.

Mchana nilikubali masasisho.
Nilibonyeza ndiyo kama mtu anavyoitikia salamu,
bila kuinua macho, mkono mmoja ukipiga stepla.
Sasa mtihani wa darasa la nne, nakala mia mbili na kumi,
umo ndani ya sanduku hili,
na Mwalimu Shekivuli atafika alfajiri na baiskeli yake
na kamba ya mkonge ya kufungia maboksi.

Nimeichomoa kebo, nimeipuliza, nimeichomeka.
Anayepuliza kebo anajua haisaidii. Anapuliza.
Nimeazima kioo cha Kassu, kinyozi wa jirani,
nacho kikawa cheusi, kwa adabu ileile.
Kassu akasema: "Hiyo imekufa, dada.
Linux gani hiyo? Weka Windows kama watu."
Nikamwambia, nenda kanyoe.

Kwa sababu feni inazunguka.
Kwa sababu nikibonyeza kitufe cha herufi kubwa
kitaa chake kinaitika.
Mgonjwa anayekuminya kidole hajafa.

Kontroli, Alti, Efu-tatu, vidole kwa mpigo mmoja.
Na hapo, bila rangi, bila picha, bila dirisha,
maandishi: jina lako? nywila yako?
Ni kama kuzunguka mlango wa uani
ukamkuta mwenye nyumba yupo, anaosha sufuria,
anashangaa kwa nini ulikuwa ukigonga kule mbele.

Nikasoma daftari la kuwaka kwake, mstari kwa mstari,
miwani ikiteleza puani.
Sawa. Sawa. Sawa. Mia nne na ushee, sawa.
Halafu mmoja, ambao hata wekundu haukupewa:
dereva mpya haitambui kadi hii ya picha.
Kadi ni ya zamani. Ameacha kuihudumia.

Dereva.

Baba alikuwa dereva, shamba la mkonge, upande wa Pongwe,
lori la Bedford ambalo gia yake ya tatu
iliingia kwa kubembelezwa:
kanyaga klachi, achia, hesabu moja, kanyaga tena.
Walipomstaafisha wakaleta kijana,
leseni mpya, shati la pasi.
Lori likagoma palepale getini. Siku tatu.
Mafundi wakafungua injini, wakafunga injini,
mpaka mtu akatumwa Makorora kumwita.
Baba akaja na kandambili zake. Hakugusa boneti.
Alikaa, akahesabu moja.

Basi nikaandika amri ya kumwondoa mgeni
pamoja na mizigo yake yote, hata iliyofichwa uvunguni,
nikamwita wa toleo la nyuma
kwa bando la simu lililobaki.
Asilimia tisini na sita, bando likakata.
Ni Kassu, huyohuyo wa kama watu,
aliyenirushia la shilingi elfu moja kupitia ukutani.
Sikumwomba radhi. Nilimpelekea chai.

Alipotimia nikamfunga kwa neno moja la kumshikilia,
asije akafukuzwa na ndiyo yangu nyingine ya haraka.
Nikazima. Nikawasha.

Weusi.
Kistari.
Weusi, mrefu kuliko ule wa kwanza.

Nikahesabu moja.

Mtihani ulikuwa pale nilipouacha,
mshale juu ya swali la saba,
na katika swali la saba "mkoa" imeandikwa "mkao",
kosa ambalo mchana, pamoja na mwanga wote ule, sikuliona.
Nikalisahihisha.
Nikapiga ukingo wa karatasi mezani zilingane,
nikazitia kwenye printa.